Picha ya Timu na Vipande Viwili vya Nyama: Kisa cha Mechi Kati ya Shule Mbili za Bweni za Wenyeji Asilia wa Kanada

Kisa hiki kilitokea miaka michache iliyopita katika makumbusho madogo ya jamii kwenye nyanda za Kanada, ninapofanya kazi ya kurekodi simulizi za wazee na kutunza picha zao. Majina ya watu, ya shule mbili zinazohusika na ya mji nimeyaondoa, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mzee mwenye kisa alielezwa kila aya kabla sijaitoa. Sehemu mbili alisema zifutwe, nikazifuta.

Nawaandikia watu wanaokaa na wazee huku kinasa sauti kiko mezani, iwe Ujiji, Lamu, Uvira au huku ughaibuni. Kosa nitakaloeleza ni langu, na chanzo chake kiko mbali na Kanada: lilitokana na kumbukumbu tamu nilizonazo mwenyewe za shule ya bweni.

## Shule zenyewe zilikuwa nini

Mtanzania akisikia "shule ya bweni" hukumbuka tranka la bati, maharage ya kila siku, kengele ya alfajiri na marafiki ambao mpaka leo anawapigia simu. Wazazi walijinyima ili apate nafasi hiyo. Hata aliyeteseka huko hujua kwamba nyumbani walimtuma wakitaka mema yake.

Kwa wenyeji asilia wa Kanada, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, mambo yalikuwa kinyume. Serikali na makanisa waliendesha shule hizo kwa zaidi ya miaka 100 kwa lengo lililosemwa waziwazi: kumtenga mtoto na wazazi, lugha na imani yake mpaka asibaki mtu wa kabila lake. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia humo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1920 yaliipa serikali nguvu ya kuwalazimisha wazazi kuwatoa watoto. Mtoto aliyeongea Kicree au Kiojibwe aliadhibiwa. Wavulana na wasichana walitengwa, na ndugu wa tumbo moja waliweza kukaa jengo moja miaka kadhaa bila kuzungumza. Tangu mwaka 1892 hadi 1957 shule zililipwa fedha kwa kichwa cha mtoto, na fedha hizo zilikuwa kidogo. Njaa, kifua kikuu na kazi za mikono zilikuwa sehemu ya maisha. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Serikali iliomba radhi bungeni tarehe 11 Juni 2008, na Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoanza kazi mwaka huo ilimaliza mwaka 2015 ikiacha wito 94 wa hatua za kuchukuliwa.

Michezo ilikuwepo. Wavulana walimwaga maji uani usiku wa baridi kali, asubuhi uwanja wa barafu ukawa tayari. Mchezo mkuu ulikuwa mpira wa magongo wa barafuni, unaochezwa kwa kisahani kigumu cha mpira na viatu vyenye vyuma vya kutelezea. Viatu vilikuwa vichache, vikipokezanwa, vikubwa vikijazwa soksi au karatasi. Timu nzuri ilisafiri kucheza na shule nyingine au na vijana wa miji ya jirani. Katika ushuhuda uliotolewa mbele ya Tume, wapo waliosema michezo ndiyo iliyowafikisha mwisho wa shule wakiwa hai moyoni. Wapo pia waliosema kwamba mtu aliyeshika ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo ndiye aliyewadhuru. Mara nyingine kauli hizo mbili zilitoka kinywani mwa mtu mmoja.

Wito wa 87 hadi 91 wa Tume unahusu michezo, na ule wa 87 unataka umma ufundishwe historia ya wanamichezo wenyeji asilia. Mradi wetu ulitokana na wito huo.

## Watu wa kisa hiki

Mzee ni Mcree, wakati huo akikaribia miaka 80. Alipelekwa shule ya kanisa akiwa na miaka 7. Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka 3, alikuwa amelazwa kwanza hospitali kwa kifua kikuu, na alipotoka alipelekwa shule nyingine, mwendo wa nusu siku kwa lori wakati wa baridi.

Binti yake Mzee ndiye aliyemleta kwetu. Kulikuwa na Bibi mmoja aliyesoma katika shule ile ya pili, mkurugenzi wetu, mzee wa mila ambaye hufungua na kufunga vikao vyetu, mwenzangu wa kazi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na mimi niliyesoma bweni Morogoro.

Picha ilikuwa moja. Wavulana 12 kwenye theluji, jezi za mistari, magongo yamekingamana mbele, padri pembeni. Nyuma yake mtu wa zamani aliandika kwa penseli jina la shule ya pili, neno "ziara" na mwaka, mmoja katika ile ya mwisho ya miaka ya 1950.

## Kikao cha kwanza

Tulikuwa na wiki sita kabla ya maonyesho ya tarehe 30 Septemba, siku ambayo tangu mwaka 2021 ni ya kitaifa ya kuwakumbuka watoto wa shule hizi. Nilipanga saa moja kwa kila mzee. Mzee alikaa, akaishika picha kwa mikono miwili, akacheka. Mimi nikafurahi. Nikamuuliza yeye ni yupi, akanionyesha. Nikamuuliza alicheza nafasi gani, nani alikuwa golikipa, nani alifunga, matokeo yalikuwaje. Alijibu yote kwa upole, ila matokeo alisema hayakumbuki. Nilipouliza kama ilikuwa siku nzuri, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ilikuwa siku nzuri kuliko zote." Hapo nikazima kinasa sauti, dakika 38 tangu tuanze.

Alipokuwa akivaa koti aliniuliza kama tuna picha za wasichana wa ile shule nyingine. Nikasema hatuna, nitaangalia. Sikuliandika swali hilo popote. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu kisa chote kilikuwa ndani yake.

Wakati naandika maelezo ya picha nilikuwa, kusema kweli, Morogoro. Nilikuwa kwenye lori la shule tukienda mechi ya kirafiki kabla ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngoma na nyimbo njia nzima, wasichana wa shule mwenyeji wamejipanga getini, pilau la wageni linanukia toka mbali. Nilicheza winga wa kulia. Nilimpa Mzee furaha yangu. Chini ya picha niliandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili ni: "Siku nzuri kuliko zote: timu ikiwa ziarani katika shule jirani, furaha ya michezo."

## Siku ya maonyesho

Walikuja watu wapatao 60. Mzee alifika na binti yake na wajukuu wawili. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Kabla hajasema neno, Bibi niliyemtaja alisoma maelezo yale kwa sauti, akauliza aliyeandika ni nani. Nikajitokeza.

Alisema hivi, kwa kadiri nilivyoandika jioni ile: jezi hizo wanazoziona zilizo safi, za timu yao na za wageni, zilifuliwa na wasichana, kwa sabuni iliyowachubua vidole. Wasichana hawakuwa na timu. Siku ya mechi walimenya viazi tangu alfajiri. Kisha akasema kwamba nyama waliiona siku walipokuja wageni tu, na akaondoka.

Sisi tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Sijawahi kuusikia moyoni mwangu kwa uchungu kama dakika ile. Pale shuleni wenyeji walikuwa watoto wenye njaa, na waliomba wageni waje ili nao wapone.

Mzee naye aliondoka bila kuniaga. Binti yake alirudi peke yake kunieleza, bila ukali, kwamba baba yake yuko garini na hataki kushuka. Aliniambia jambo moja: "Hukumuuliza alikwenda kumwona nani."

## Tuliyoamua, na sababu zake

Jioni ile ile mkurugenzi alitaka picha iondolewe. Hoja yake ilikuwa na uzito: watu wawili waliopitia shule hizo wameumia ndani ya nyumba yetu, na siku ya pili darasa la watoto wa shule lilikuwa linakuja. Mimi nilitaka maelezo yabadilishwe usiku huohuo, kwa sababu niliona aibu nikatamani kosa lifutike kabla ya asubuhi. Mzee wa mila alitukataza yote mawili. Alisema picha si yetu kuiondoa wala maneno si yetu kuyaandika, na kwamba tulishafanya haraka mara ya kwanza. Tukafunika maelezo kwa karatasi nyeupe, tukaacha picha, tukaandika kwamba maneno ya awali hayakuwa sahihi na kwamba tunasubiri wenyewe.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kwenda kwa Mzee badala ya kumwita. Huku nyandani, ukienda kumwomba mzee simulizi unampa tumbaku kwa mkono kabla ya kuomba. Akiipokea amekubali ombi, asipoipokea unarudi nyumbani. Mara ya kwanza sikuwa nimempa. Nilikuwa nimempa fomu ya ridhaa yenye kurasa nne. Safari hii nilikwenda na tumbaku, na nikasema nimekuja kuomba radhi kwanza, simulizi kama ataona inafaa. Aliiacha tumbaku mezani. Tulikunywa chai, tukala bannock, mkate wa kukaanga wa huku, aliyokaanga binti yake, tukazungumza habari za magari na theluji. Nilipoinuka kuondoka, aliichukua ile tumbaku akaitia mfukoni.

Uamuzi wa tatu ulitoka kwa mwenzangu wa Nyarugusu. Nilipomweleza mkasa, alinitazama kama anayeshangaa kwamba silijui jambo la wazi. Alisema, "Sisi ku mechi tulikuwa tunaangaliaka watu, hapana mpira." Kule kambini, timu za zoni mbalimbali zilipokutana, watu waliotenganishwa na vita walizunguka uwanja wakitazama nyuso, wakiuliza kijiji, wakiuliza ukoo. Yeye mwenyewe alimpata binamu yake hivyo. Akashauri tuache picha kabisa katika kikao kijacho, tumpe Mzee karatasi kubwa achore njia.

## Kikao cha pili na cha tatu

Mzee alichora. Alianza na bweni, akachora stoo, akachora lori lenye turubai na nyasi kavu ndani yake. Akachora mto ulioganda, mahali waliposhuka kusukuma, kisha shule ya pili ikiwa na milango miwili mbali kabisa mmoja na mwingine. Alipofika kwenye milango hiyo alianza kueleza.

Aliposikia kwamba timu ya shule yake huwa inakwenda kwenye shule aliko dada yake, hakuwa anajua kuteleza kwenye barafu. Alikuwa na miaka 10. Majira mazima ya baridi alijifunza usiku kwa viatu vya mvulana mkubwa, akianguka, akipigwa kwa kuchelewa kulala. Majira yaliyofuata akachaguliwa, wa mwisho kwenye orodha. Hakupenda mchezo wenyewe. Alisema hilo mara mbili na akataka liandikwe. Alitaka kiti ndani ya lori.

Wakati wa mechi wasichana walikaa upande wa pili, nyuma ya kamba, wamevaa makoti ya aina moja na kofia zilizoshuka mpaka kwenye nyusi. Alimtafuta mechi nzima. Hakumwona. Ndiyo maana matokeo hayajui.

Baadaye wageni walikalishwa kwenye ukumbi wa chakula wa wavulana, na wasichana wachache waliletwa kugawa sahani. Sheria ilikuwa kukaa kimya. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono ukaweka sahani mbele yake, yenye vipande viwili vya nyama wakati wenzake wote walipata kimoja. Aliutambua mkono kabla ya uso, kwa kovu la moto walilolipata wote wawili siku moja nyumbani kwao. Hakuinua kichwa haraka, kwa kuogopa mtawa angeona na kumwondoa dada ukumbini. Alipoinua, dada alikuwa meza ya tatu, anagawa kama kawaida, na hakugeuka. Kwa hiyo maneno hayakupita. Kisha timu ikapanda lori.

"Siku nzuri kuliko zote," akarudia, yaleyale aliyoniambia mara ya kwanza. Hakuwa amenidanganya.

Mwaka uliofuata aliondolewa kwenye timu kwa kusikika akiongea Kicree. Hakwenda tena. Alimwona dada yake baada ya miaka 5, wote wakiwa wamekwisha kutoka shule, na wakaishi miji tofauti mpaka dada alipofariki. Sehemu iliyobaki ya kikao cha tatu imefungwa. Ni ya familia.

Alitusahihisha jambo jingine ambalo mtunza nyaraka mzuri angeliona mapema. Picha haikupigwa kwenye ziara. Kanisa linaloonekana nyuma ya wavulana ni la shule yao wenyewe. Walipigwa picha kabla ya kuondoka, jezi zikiwa safi. Maandishi ya penseli yalitaja safari iliyokuwa mbele yao, nami niliyasoma kama mahali walipo. Picha tuliyoitumia kueleza ziara haikuwa na ziara ndani yake, wala dada.

## Matokeo

Maelezo mapya aliyatunga Mzee mwenyewe kwa Kicree, binti yake akayafasiri. Tulipoyapokea kulikuwa na mvutano mdogo kuhusu neno moja. Mfasiri wa ofisi alitumia neno la Kiingereza linalobeba dada mkubwa na mdogo kwa pamoja. Mzee alikataa. Kicree kina *nimis*, dada yangu mkubwa, na neno tofauti kwa aliye mdogo wako. Ndilo neno alilozuiwa kulitamka ukumbini, na alitaka watu walisome kama lilivyo. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana: kwetu pia "dada" na "mdogo wangu" hawakai kiti kimoja, na heshima ya dada ni kubwa. Neno limebaki kwa Kicree katika lugha zote mbili.

Rekodi za sauti, mchoro wa njia na maandishi yote vimerudi kwa familia. Sisi tumebaki na nakala ya sehemu waliyoiruhusu. Hilo linafuata kanuni ambazo Mataifa ya Kwanza wamejiwekea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuhusu habari zao: wao ndio wenye umiliki, wao ndio wenye mamlaka ya kuamua zitumikeje, wao wanazifikia watakapo, na wao ndio wanaozishika mkononi. Kanuni hizo nilizijua kwa kuzisoma kabla ya kisa hiki.

Bibi hakurudi. Tulimwandikia barua, kisha mzee wa mila akaenda kwake. Alisema ameshasema alichokuwa nacho. Familia nyingine moja iliondoa picha zao kwetu baada ya kusikia yaliyotokea, na tulizifunga vizuri tukazipeleka wenyewe. Tumetenga ukuta kwa ajili ya kazi za wasichana siku za mechi, jikoni na dobi, lakini mpaka sasa ukuta huo una maelezo machache kuliko tulivyotaka, kwa sababu picha za wasichana wakifua jezi hakuna aliyeona haja ya kuzipiga.

## Uchambuzi

Nianze na maswali, maana hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nilimuuliza Mzee maswali ya mtangazaji wa redio: nafasi, golikipa, mfungaji, matokeo. Kila swali lilimweka uwanjani na kumzuia asitoke. Mtu mpole akiulizwa juu ya mpira atajibu juu ya mpira. Swali lililofungua mlango, la nani alikwenda kumwona, halihitaji utaalamu. Linahitaji kujua kwamba katika shule hizo ndugu walitenganishwa, na kwamba kwa hiyo safari yoyote ya kutoka nje ya uzio inaweza kuwa safari ya kutafuta mtu. Ukweli huo nilikuwa nao kichwani, nimeusoma katika ripoti. Sikuuleta mezani kwa sababu kicheko cha Mzee kilifanana na changu.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu waliosoma bweni kwetu wajichunge. Kufanana kwa juujuu kunalevya. Kengele, bweni, sare, lori la michezo, wageni kulishwa vizuri: vyote tunavifahamu, na kufahamu huko hutupa kujiamini tusikostahili. Aliyekulia kambini, ambaye hakusoma bweni kabisa, alikielewa kisa kwa sentensi moja kwa sababu alijua kutenganishwa. Katika kupanga nani akae na mzee, siku hizi nauliza nani amewahi kupotezana na watu wake, kabla sijauliza nani anajua mpira wa magongo.

Jambo la pili ni picha kama ushahidi. Nyingi za picha hizi zilipigwa ili kuonyesha kwamba shule zinafanikiwa. Mfano unaojulikana ni wa mwaka 1951, wavulana wa timu ya shule ya Pelican Lake, karibu na Sioux Lookout, Ontario, waliposafirishwa kwenda kucheza Ottawa na Toronto huku wapiga picha wakiwafuata. Picha zile ziliwaonyesha watoto wachangamfu katika miji mikubwa. Miongo mingi baadaye, waliokuwa wachezaji walizipitia upya pamoja na watafiti, na wakasema yaliyo nje ya fremu. Furaha inayoonekana inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isithibitishe kile mpiga picha alichotaka kuthibitisha. Fred Sasakamoose, aliyecheza michezo 11 katika NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Amerika Kaskazini, akiwa na timu ya Chicago msimu wa 1953–54, alijifunza mchezo katika shule ya bweni ya Duck Lake, Saskatchewan. Yeye mwenyewe alieleza hadharani ukatili aliofanyiwa katika shule hiyohiyo. Anayetaka kulipongeza gongo lililoshikwa na mtoto yule hana budi kusikia na hilo lingine.

Lakini nisieleweke vibaya upande wa pili. Baada ya maonyesho wapo wenzetu waliosema basi tusizungumzie michezo kabisa, tuzungumzie mateso. Mzee aliposikia hoja hiyo alihuzunika kuliko alivyohuzunika kwa maelezo yangu. Siku ile ilikuwa nzuri kuliko zote, na aliifanya yeye, kwa mwaka mzima wa kuanguka kwenye barafu gizani. Dada naye aliifanya, kwa kipande kimoja cha nyama ambacho kingemponza. Ukiifuta kwa nia njema bado umemnyang'anya. Shule haikuwapa siku hiyo. Waliipata humo ndani, chini ya macho ya watu waliokusudia wasahauliane, na kazi ya mwenye kalamu ni kuandika waziwazi ni nani aliyetenda nini.

Kuhusu muda sina mengi. Saa moja haitoshi, na tarehe ya maonyesho haikupaswa kuamua tarehe ya simulizi. Sasa picha isiyo na mwenyewe aliyeisemea hairuhusiwi kupanda ukutani na maelezo yetu.

Kilichofaa zaidi ni kufunika maelezo kwa karatasi nyeupe. Nilidhani watu wangeona ni uzembe. Badala yake, kwa siku nne zilizofuata, wazee watatu walisimama pale wakatueleza majina ya wavulana bila sisi kuuliza. Mchoro wa njia pia ulifaa kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mchoro hauna mtu mmoja katikati; una kuondoka, una kuvuka, una kufika, na una mlango ambao mtoto hakuruhusiwa kupita. Tumeutumia tena kwa wazee wengine wanne, na wawili kati yao walichora nyumbani kwao kwanza, kabla ya shule.

Kilichoshindikana, na sioni njia ya kukirekebisha, ni kumsikiliza Bibi faragha badala ya mbele ya watu wengi. Alikuwa na ushuhuda wa upande ambao picha hazina, nasi hatukuwa tumemwalika kuutoa. Aliutoa kwa sababu maneno yangu yalimlazimisha. Tungekuwa tumemuuliza mapema kila aliyesoma shule ya pili, mwanamke kwa mwanamume, huenda yeye na Mzee wangekaa meza moja. Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa jikoni siku ile, kama alimwona msichana mwenye kovu akichota kipande cha pili. Sijamuuliza, na baada ya jibu alilotupa sina haki ya kumuuliza.

Majina 11 kati ya 12 yamepatikana. Mvulana wa tatu kutoka kushoto Mzee anamkumbuka kwa jina la utani tu, alilopewa na msimamizi wa bweni, na ameomba tusiliandike. Nafasi yake kwenye maelezo iko wazi. Mwaka jana mwanamke mmoja aliyetoka mbali aliusogelea uso huo, akaupiga picha kwa simu, akasema atakwenda kumwonyesha shangazi yake. Hatujasikia kutoka kwake bado.